Namba Nne kwa Pikapu ya Waithaka

Mzee Waithaka aliinuka tena kutoka kwenye tairi kuukuu alilopewa kukalia, akaizunguka pikapu, akarudi, akaketi.

"Mzee, tulia," fundi Wekulo alisema kutoka chini ya gari. "Ukitembea hivyo utamaliza viatu na mtaa wa Makina wenyewe."

"Kesho ni ruracio ya mwanangu Eugene, halafu unaniambia nitulie?"

Hilo ndilo lililomkosesha kiti. Kesho asubuhi familia yake ilipaswa kupeleka mahari Githunguri, na katika ziara ya kwanza, chai ilipokolea, Waithaka alisimama mbele ya wakwe akatoa ahadi ambayo hakuna aliyemwomba. Mzigo wote, alisema, utakuja kwa pikapu iliyomsomesha kijana huyu kwa kubeba kabichi. Wakapiga makofi. Sasa pikapu yenyewe ilikuwa imeikataa gia ya pili. Ukiisukuma huko, ililia kama bati linaloburutwa juu ya kokoto.

Wekulo alilegeza nati, oili ya giaboksi ikashuka ndani ya karai. Akalivuta karai juani. "Njoo uone, mzee."

Ndani ya ule weusi mlikuwa na chembe zinazometameta, mithili ya vumbi la dhahabu.

"Ni shaba," Wekulo alisema kwa sauti ya chini. "Zile ringi za kulainisha gia zinaliwa."

"Zinaliwa na nini? Si tuliweka oili mpya juzi tu?"

Wakatazamana. Oili hiyo waliichagua wote wawili. Dukani palikuwa na makopo mawili, moja limeandikwa GL-4, jingine GL-5. Waithaka, aliyesoma shule ya usiku hadi akapata cheti chake, alicheka: mtu aliyehangaika kupanda darasa hawezi kurudishwa la nne. Wekulo naye akaitikia kwamba kubwa ni kubwa.

Waithaka alifungua boneti, akakwaruza uchafu juu ya kibati cha maelezo kwa ukucha. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini zilisomeka. GL-4.

"Niliwahi kusikia ile ya tano ni ya difu, kule kwenye ekseli ya nyuma, na dawa yake hula shaba," Wekulo alikiri. "Nikadhani ni maneno ya watu."

"Na mimi nilikuwa na macho," Waithaka alisema. Akaita bodaboda.

Duka la kwanza Kawangware hawakuwa nayo. La pili walimwonyesha oili ya kupima kutoka kwenye pipa, isiyo na jina wala namba. Aliinusa, akaondoka bila kuaga. Kwenye duka la Beth, mke wa jirani yake, alifika akihema.

"Ya nne?" Beth alishangaa. "Siku hizi wote wanataka ya tano. Ya nne ni ya magari ya wazee."

"Kwani unaona nani mbele yako? Lete."

Alasiri oili ilikuwa ndani, na Eugene alikuwa ametoka kazini. Waliijaribu kwenye mwinuko wa kutoka Silanga. Gia ya pili ililia vilevile.

"Oili haioteshi meno, mzee," Wekulo alisema. "Itazuia tu yasiliwe zaidi."

Waithaka alimwondoa mwanawe kwenye usukani. Akakanyaga klachi, akatoa gia, akaachia mguu kidogo, akakanyaga tena, ndipo akapeleka ya pili. Ikaingia. Ndivyo walivyoendesha malori enzi zake.

Lakini kesho dereva hangekuwa yeye. Baba wa kijana hukaa na wazee, hafiki kwa wakwe jasho likimtoka kama utingo. Kwa hiyo Eugene alirudi kwenye usukani, na giaboksi ikapiga kelele hadi wauza makaa wakasimama kutazama.

"Wewe, unasaga mahindi ama unaendesha?" mama mmoja alimwuliza.

"Buda, si tubebe tu na ya Kinyanjui?" Eugene alinung'unika. "Ni mpya, haina hizi stori."

Ulimi wa Waithaka ulikaribia kusema ndiyo. Aliiona pikapu ya Kinyanjui, mzee aliyekuwa msemaji wao, ikiingia kwa wakwe, inang'aa, na yeye akiulizwa ile nyingine iko wapi. "Mara moja tena," alisema. "Usiukimbize mguu. Uuache upumue."

Eugene alijaribu, akakosa, akajaribu. Kiza kilipokaribia, gia iliingia bila kulia. Hawakujua kama ni ujuzi au bahati.

Asubuhi walipanda kilima cha mwisho kabla ya lango la wakwe, mbuzi na mablanketi nyuma, sauti za akina mama zikisikika wakianza kuimba. Kinyanjui, aliyebanwa katikati, alikuwa akipanga maneno ya kuwaomba akina mama wawafungulie lango. Waithaka hakusikia hata moja. Gari lilipungua mwendo. Mguu wake wa kushoto ulikanyaga zulia, ukainuka, ukakanyaga tena. Upande wa pili, mguu wa Eugene ulifanya vivyo hivyo.

Gia ikaingia, kwa mguno mdogo tu, kama mzee anayeketi.

"Mbona unakanyagakanyaga?" Kinyanjui aliuliza. "Unasikia baridi?"

"Ni baridi," Waithaka alijibu, na hakuacha kukanyaga mpaka langoni.