Seli Zilizolazwa Njaa

Tangu mtaa wa Cimpunda mpaka maabara, Emérence hakutulia juu ya pikipiki. "Ongeza mbio, ndugu!" alimhimiza dereva. Alikuwa na haki ya kuhangaika. Kichocheo cha ukuaji alichokisubiri miezi, kikashukia uwanja wa ndege wa Kavumu ndani ya barafu, kilibaki tone moja, na umeme ulipokatika jana kiliyeyuka, nacho kikiyeyuka hakidumu. Leo au basi! Bila jaribio hilo, utafiti wake wa udaktari hauna mwisho.

Jaribio lenyewe si la kusimulia kanisani. Seli unazilaza njaa kwanza, bila seramu ya damu ya ndama, ndiyo chakula chao, mpaka zinyamaze. Halafu unatia tone. Kichocheo kinashika protini za utando wa seli, utando unaanza kuchezacheza, na ndani nyuzi zinazosimamisha seli, kama miti ya nyumba, zinabomolewa na kujengwa upya. Ukiona hivyo, unajua ni tone lako, si kingine.

Alisukuma mlango. Papa Zagabe, mtunzaji wa maabara, ambaye Emérence mwenyewe alimfundisha kuzilisha seli siku za kawaida, alikuwa anapangusa sakafu, uso umemng'aa.

"Jambo, maman docteur. Batoto bameamuka muzuri," alisema, akionyesha sahani za seli.

Emérence aliinamia darubini. Ole wake! Seli zilikuwa zimejinyoosha, kingo zinachezacheza, zimeamka zote.

"Papa Zagabe! Nani aligusa?"

"Ni mimi. Jana ulisema batalala njaa. Nikafika nyumbani, bugali ikanikatala. Funguo ya hii mulango iko na mimi, maman. Kwetu mutu halale njaa pahali uko na funguo ya chakula. Asubui nikabapatia seramu, kila moja na yake, sikubagua."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamvuma. Seramu imejaa vichocheo vya kila aina! Hata hivyo alitia tone lake, akazunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Utando ulichezacheza vilevile. Nani angejua sasa kilichouchezesha? Maji yakimwagika hayazoleki.

Akakaa palepale kwenye sakafu yenye maji, akalia kwa sauti bila aibu.

Mzee aliacha kitambaa, akachutama kando yake, amechanganyikiwa kabisa.

"Maman, bamekufa?"

"Hapana, papa. Bako bazima."

"Sasa unalia nini?"

Emérence alipangusa uso kwa kiganja.

"Nalia sababu bamekula."