Sauti ya Nahodha

Hebu niambie, umewahi kukaa na mtu anayeamini unamteta, kumbe wewe unatafuta sukari tu?

Huyo alikuwa Nahodha wetu. Tulikuwa tunatia sauti za Kiswahili kwenye filamu ya katuni, ya vyombo vya angani. Mimi na koo langu la kukwaruza nilipewa sauti ya mashine ya chomboni. Yeye, kijana mwembamba mwenye kucha safi, akapewa nahodha, na jina likamganda. Kwenye filamu nahodha haamini mtu: anadhani maadui wamevaa sura za wenzake. Hata mimi mashine aliwahi kunichomoa waya.

Chumba cha kurekodia ni kama kabati, kuta zimebandikwa magodoro, kina kioo cha kutazamana na tuliobaki nje. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni, nje hakuna hata kukohoa. Tunasemezana kwa nyusi na vidole. Fundi wa sauti ananiuliza kwa mkono sukari iko wapi, namwonyesha kwa mdomo, na mama mtafsiri anacheka kimyakimya hadi mabega yanamtikisika. Nahodha huko ndani anayaona yote. Akitoka kabla taa haijazimwa, anatukuta kimya kama maji ya mtungi.

Basi akaanza visa. Akawa anakaa mgongo ukutani. Kikombe chake akakihamishia mfukoni mwa koti. Alimhoji fundi kwa nini kasafisha kioo upande mmoja. Fundi akamjibu kwamba huo ndio uliokuwa mchafu. Wapi, hakuamini. Nikamwambia, mjukuu wangu, aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona ukamba, wewe nani kakuuma? Akatazama kucha zake.

Siku ya sentensi ya mwisho, ile ambayo nahodha anavua kofia ya chuma na kuwaambia wenzake kwamba yeye ni msichana, msimamizi wa kazi yetu akaleta binti mwenye sauti nyororo aiseme. Nahodha hakubishana. Aliingia chumbani, akafunga kwa ndani, akawasha taa nyekundu.

Tukakwama. Taa inawaka, nani athubutu kugonga? Msimamizi, aliyeitunga sheria hiyo ya taa mwenyewe, akabaki kupunga mikono kama anafukuza kuku.

Uzee una faida zake. Nilimsogeza fundi, nikabonyeza kitufe cha kusema na aliye ndani. Nikamweleza Nahodha kwamba hatujawahi kumteta, na kama kuna wa kutetwa ni yule anayemaliza sukari. Kisha nikamuuliza anachoogopa kunyang'anywa ni nini hasa.

Tulimwona akivuta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Bibi, sentensi hiyo ni yangu," akasema, taratibu. "Nataka niiseme mimi. Na nikitoka humu, mniite dada."