Watu Arobaini Walioelewa

Watu arobaini kati ya arobaini waliielewa kazi yangu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, Kairo, nikisomea usanifu wa michoro na taarifa, fani ambayo baba aliwaeleza majirani zetu wa mtaa wa Shubra kuwa ni kupaka rangi kwa cheti. Mwaka wa nne kwa mara ya pili, niseme ukweli. Mara ya kwanza mradi wangu ulikuwa ramani nzuri ajabu ambayo hakuna mtu aliyefika nayo popote. Safari hii nikifeli nafutwa chuo, basi. Kwa hiyo niliachana na uzuri, nikatafuta kitu cha kumfaa mtu: stika za maboksi ya dawa, kwa wasiojua kusoma. Wafamasia wetu huchora vistari kwa kalamu juu ya boksi, vitatu maana yake mara tatu kwa siku, na mgonjwa akifika nyumbani anabaki kuvitazama kama mikwaruzo ya paka. Mimi nilichora jua linalochomoza, jua la utosini na jua linalozama, na chini ya kila jua kidonge kimoja. Nani angeshindwa na hapo?

Nilizunguka mtaani na fomu zangu, nikimwuliza kila mmoja, "Umeelewa?" Wote wakaelewa. Fundi viatu alielewa kabla sijamaliza swali. Mama Raafat wa ghorofa ya pili, mgonjwa wa presha, alielewa, akanibusu mashavu yote mawili, akanipakulia na chakula. Kwa furaha nikambandikia stika kwenye boksi lake la dawa. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumatatu Daktari Bahgat alizipekua zile fomu. Kwetu kila mwalimu wa chuo ni daktari, hata asiyejua kufunga kidonda. Alipekua mpaka mwisho, akarudia mwanzo.

"Arobaini kwa arobaini?"

"Ndiyo, daktari."

"Nashwa, watu wa Shubra hawajawahi kukubaliana hata foleni inaanzia wapi."

"Stika iko wazi, daktari."

"Vizuri. Kesho saa tano, mbele ya jopo, njoo na mmoja wao. Atuonyeshe."

Nilimchukua Mama Raafat. Alivaa koti lake la harusi na misiba, akaketi kwenye treni huku mkoba ameukumbatia, akaona ninavyotafuna kucha.

"Tulia, mwanangu. Nitasema chochote wanachotaka."

"Si kusema, Mama Raafat. Ni kuonyesha ulivyoelewa."

"Nimeelewa. Nani kasema sikuelewa?"

"Basi niambie, ile stika inasemaje?"

"Inasema wewe ni binti wa watu wazuri."

Abiria wa mbele akacheka. Mimi nikamsogelea. "Yale majua matatu, Mama Raafat. Maana yake nini?"

"Wewe! Unanitahini mbele za watu? Mimi niliyekuogesha ukiwa mdogo kama mkate, leo nikuaibishe?"

Treni ikaingia kituoni, mlango ukafunguka, watu wakatusukuma nje. Nikapanda ngazi. Nilikuwa nimewaendea watu arobaini waliokula kwetu, nasi tukala kwao, nikawauliza usoni kama kazi ya binti wa jirani ni mbovu. Nilitegemea nani aseme ndiyo? Kurudi nyumbani haikuwezekana tena. Saa tano ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili.

Jopo lilikuwa la watu watatu: Daktari Bahgat katikati, mama mmoja mpole kulia, na kushoto mzee mwenye kikombe cha kahawa ambaye, kwa sura yake, hajapata kufurahi tangu aajiriwe. Mabango yangu yalining'inia ukutani. Kwa mbali yalipendeza. Nilikuwa nimetayarisha boksi la majaribio lenye peremende badala ya vidonge.

"Karibu, mama," akasema Daktari Bahgat. "Tuonyeshe unavyotumia dawa hii kwa siku moja."

Mama Raafat aliziangalia peremende kama mtu aliyeona nzi kwenye chai. "Peremende? Mimi si mtoto, daktari." Akafungua mkoba, akatoa boksi lake mwenyewe, la presha, lenye stika yangu.

Akabonyeza kidonge kimoja kiganjani. Cha pili. Cha tatu.

"Majua matatu," akalitangazia jopo, "vidonge vitatu. Mtoto huyu kachora vizuri, hata kipofu ataona. Nipatieni maji."

Yule mama mpole, bila kujua, akammiminia maji.

Daktari Bahgat hakumtazama Mama Raafat. Alinitazama mimi, kalamu imesimama juu ya karatasi. Natamani niseme niliruka papo hapo. Sikuruka. Nilifikiria kwanza: nikifungua mdomo, nimejifelisha kwa sauti yangu mwenyewe. Nilifikiria pia kwamba huenda anaigiza tu. Glasi ikafika mdomoni. Kiganja kikafuata.

"Usimeze!"

Niliupiga ule mkono kwa nguvu. Maji yakaruka kwenye mabango, vidonge vikatawanyika, kimoja kikatumbukia kwenye kahawa ya yule mzee.

"Umerukwa na akili?" Mama Raafat akang'aka. "Mbele ya wakubwa!"

"Mama Raafat." Nikamgeukia. "Tangu Alhamisi unameza vitatu kwa mpigo?"

Yule mama mpole akaweka chini jagi la maji.

"Mimi? Mimi mwendawazimu? Kila asubuhi nampigia mwanangu Raafat huko Kuwait, ananiambia nimeze kimoja tu, basi mpaka kesho. Hivi vitatu ni kwa ajili yako! Nikajua ndivyo picha yako inavyotaka. Nikasema, siku moja haitaniua."

Nikakaa sakafuni, palepale kwenye maji. Hata hakuwa na dozi ya mara tatu, na mimi nilimbandikia bila kumwuliza.

Daktari Bahgat akaandika kwa muda mrefu. Yule mzee akakisogeza kikombe chake mbali, taratibu.

"Mradi umeanguka," akasema Daktari Bahgat. "Ila sikufuti chuo. Utarudia mtihani Septemba. Mkono wako uliwahi. Sitauliza kwa nini ulichelewa." Akafunga kalamu. "Uniletee arobaini wengine. Wasiokupenda."

"Wasiompenda?" Mama Raafat tayari alikuwa anafunga mkoba. "Hilo tu, daktari? Ijumaa nampeleka kwa wakwe zangu."

Na alinipeleka kweli. Wifi yake mkubwa alinifungulia mlango bila kunikaribisha kiti. Safari hii sikuuliza kama ameelewa. Nilimpa boksi, nikamwomba anionyeshe, nikavikodolea macho vidole vyake kama mwizi.

Akaligeuza huku na huku. "Upuuzi gani huu? Sijui hata nianzie wapi."

Niliyaandika maneno yake yote, moja baada ya jingine. Mwandiko ulikuwa mbaya, kwa sababu niliandika nimesimama, hakuna aliyenipa kiti.