Mahali pa Kusomea kwa Sauti

Mtu akikusifia chuo kikuu kuwa kina mahali pengi pa kusomea, muulize kama husoma kimyakimya. Mimi nilisomea Kisii, darasa limejaa watoto na kitabu ni kimoja. Mwalimu alisoma, sisi tukaitikia, na hadi leo kitu nisichokitamka hakiingii kichwani. Kimya hunilaza usingizi, hasa nikiwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee.

Nilikuwa mwanamke mzima, nasomea uuguzi katika chuo kimoja na binti yangu Natasha, ambaye aliniomba kwa adabu nisimwite kwa sauti tukikutana. Mtihani wa dawa nilikuwa nimeshauanguka mara moja. Nikianguka tena, naondolewa kwenye masomo, basi. Mume wangu Naftali naye alikuwa ameahidi kuacha kuendesha lori siku nitakayopata kazi ya unesi. Kwa hiyo sikuwa nasoma kwa ajili yangu peke yangu.

Nilipopapenda zaidi ni maktabani, ghorofa ya nne, kwenye kiti cha dirishani ambapo unauona mto Mississippi umeganda chini. Nilidumu pale mpaka msichana mmoja akaniwekea kikaratasi mezani, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba midomo yangu inamsumbua. Midomo! Nikahamia kwenye njia za chini kwa chini zinazounganisha majengo, ambamo watu hupita baridi ikizidi. Humo nilitembea nikikariri, hadi kijana mmoja akanisimamisha na kuniuliza kwa huruma kama kuna mtu wa kupigiwa simu aje kunichukua. Nilimshukuru. Kusema kweli nilitamani kumtupia kitabu.

Ndipo nikaijua siri ya nchi hii: anayeongea peke yake ni mgonjwa, anayeongea na simu ni mtu wa maana. Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikaenda ukumbi wa wanafunzi, karibu na wauza piza, nikawa napiga simu ambayo haikuwa na mtu upande wa pili. Nilisoma kwa Kiswahili, na ili dawa zikae kichwani nikampa mgonjwa wangu wa kubuni jina la mtu ambaye mwili wake naujua. Naftali. "Moyo wa Naftali umechoka," nilisema. "Maji yamejaa miguuni. Tukimpa hii dawa, lazima tuangalie na figo." Februari nzima nilimuuguza mume wangu katikati ya harufu ya piza, na dawa zikaanza kukaa.

Sikujua kwamba Jairus, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameajiriwa kutengeneza hita za jengo lile. Alinisikia, akapita bila kunisalimia, maana mtu anayezungumzia mgonjwa kwenye simu humkatizi. Kama unatujua, unajua kilichofuata.

Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili sikwenda kanisani ili nisome, na kukosekana kwangu kukawathibitishia watu wa kanisa yote waliyosikia kwa Jairus. Alasiri kengele ikalia mlangoni, hapo kwetu Coon Rapids. Alikuwa Jairus, na mkewe Mama Alvin, na nyuma yao nusu ya kanisa: masufuria ya pilau, chapati, thermos za chai. Viatu vya theluji vikajaa mlangoni. Mgeni aliyekuja na chakula humuulizi amefuata nini. Wakakaa, wakaimba, wakaomba. Nilisimama na kitabu mkononi nikidhani kuna mtu amekufa nyumbani Kenya na hakuna anayethubutu kuniambia.

"Mama Natasha," Jairus akaanza, "hukufanya poa kubeba hii maneno peke yako. Nilikusikia pale shule uki-explain kwa simu. Moyo, figo, kila kitu."

"Moyo wa nani?"

"Si ni wa Baba Natasha?"

Nilicheka vibaya, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Naftali ni mzima, yuko barabarani na lori lake! Hakukuwa na mtu kwa simu, Jairus. Nilikuwa nasoma. Ni exam, na ni kesho, na nyinyi ndio hao mmekuja kunimalizia siku!"

Niliyasema mbele ya chakula chao. Mama Alvin aliinamisha kichwa, na mtu mmoja akaanza kulifunika sufuria la pilau polepole. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoona hata aibu.

Hapo Natasha akaingia kutoka kazini. Aliona viatu, akaona masufuria, akaona Biblia imefunguliwa mapajani mwa Jairus. Akaanza kulia akiwa bado amevaa koti.

"So he told you," alisema. "Dad said after the exam. He made me promise, Mum."

"After the exam nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, akatambua kwamba sikuwa najua kitu. Basi akalazimika kunieleza. Naftali alianguka Januari akiwa safarini na lori, katika mji wa Omaha, akalazwa. Hospitali ilimpigia Natasha kwa sababu simu yangu ilikuwa imezimwa, nilikuwa darasani. Ni moyo. Aliambiwa apumzike, na hakupumzika.

Nilikuwa nimemuuguza Naftali mwezi mzima, na alipokuja nyumbani sikumtazama miguu hata mara moja. Alivua viatu akiwa ameshazima taa, nami nikashukuru kwamba ananiacha nisome.

Nilimpigia mbele ya watu wote. Alikuwa ameegesha lori katika mji wa Des Moines.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Usiliwashe hilo lori. Nakuja."

Jairus alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo. "Nita-drive mimi," alisema. Natasha akasema anaenda naye. Nikavaa koti langu.

"Susan," Naftali akasema, taratibu, kama mtu anayetaka kulala. "Jairus aje, nitapanda gari lake. Lakini wewe ukija hapa umeacha hiyo mtihani, sishuki. Nimeficha hii kitu tangu Januari nikiwa na maumivu. Usiniambie nilifanya bure."

"Huo ni wazimu."

"Ndiyo. Sasa soma." Akakata.

Jairus na Natasha wakaondoka. Mama Alvin akanimiminia chai, akakaa mbele yangu. Nilivua koti. Nilikuwa na hasira na Naftali kuliko nilivyowahi kuwa tangu anioe, na nilikuwa naogopa. Nikafungua kitabu, sura ya moyo, nikaanza kusoma kwa sauti.