Mfungo wa Jenerali

Katika kikosi cha maombi cha mtaa ule, hakuna aliyefunga kama Jenerali. Jina hilo alipewa na waumini wenzake, naye hakulikataa. Wenzake walifunga mpaka jioni. Yeye alifunga siku tatu kavu, bila hata maji, kisha akapanda jukwaani kuwafundisha. Kitambi chake hakikupungua hata kwa upana wa kidole. Alisema huo ni muujiza, na kikosi kikaitika amina.

Sasa mshipa mmoja wa moyo wake ulikuwa umeziba. Madaktari wangepitisha mrija mwembamba kuanzia pajani hadi moyoni, wauzibue, naye angechomwa dawa ya usingizi mwepesi ili atulie. Sharti lilikuwa moja: tangu usiku wa manane asile wala asinywe. Muuguzi alipomweleza, Jenerali alicheka.

"Binti yangu, hapo umefika kwa fundi mwenyewe."

Kikosi nacho kilitangaza mfungo kwa ajili ya moyo wake, na kiongozi wa mfungo akawa yeye mwenyewe, kama kawaida. Kila asubuhi aliwatumia sauti kwenye simu: "Wapendwa, msilegee. Tumbo ni mtumwa, lisitawale." Katika sauti ya siku ya pili kilisikika kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Katibu wa kikosi alipouliza, akajibiwa kwamba ni kengele ya jirani.

Asubuhi ya kwenda hospitali, mkewe akiwa bado bafuni, Jenerali aliingia jikoni. Hakuwa na nia mbaya; alitaka kunusa tu. Akanusa mkate, akanusa mayai mawili ya kuchemsha, akanusa chai ya maziwa mpaka majani yakabaki chini ya kikombe.

Basi yuko kitandani, ndani ya gauni la hospitali linalofungwa kwa kamba mgongoni, paja limeshanyolewa, mpira wa dripu mkononi. Kikosi kimemzunguka, midomo mikavu. Muuguzi akauliza kama amekula chochote.

"Tangu juzi," alisema Jenerali kwa sauti ya jukwaani, "sijaonja hata tone."

"Amina," kikosi kiliitika. Mkewe, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, alitazama viatu vyake.

Kisha akaja daktari wa usingizi, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. "Mzee wangu, uliza lolote kabla hatujaingia. Kuogopa si dhambi."

"Kuogopa siogopi. Ila hiyo dawa, mtu akilala anaropoka?"

"Wengine wanaimba. Hatuwasikilizi."

"Na kutoamka je?"

"Tunakusinziza kidogo tu, na mimi nakaa karibu na kichwa chako muda wote. Ninachoogopa mimi ni tumbo lenye kitu. Mwili ukilegea, chakula kinaweza kupanda, kikateremkia mapafuni. Hapo mtu anazama akiwa nchi kavu."

Moyo wa Jenerali ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango wa choo. Alimtazama Katibu, mtu aliyekondeana mpaka suruali inamvuka kwa mifungo ambayo Jenerali ndiye aliyeiamuru. Katibu naye alimtazama kwa mapenzi matupu.

"Daktari, nauliza kwa faida ya wengine. Ikitokea mtu amekunywa maji kidogo?"

"Maji matupu?"

"Yana rangi."

"Chai, basi."

"Ina maziwa, lakini si mengi."

Daktari aliacha kuandika. "Na huyo mtu aliinywa na nini?"

"Simfahamu vizuri."

"Baba watoto," mkewe alisema, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama watoto, niache niongee na daktari."

"Ongea. Usisahau na mayai. Nilichemsha manne, nimekuta mawili. Maganda nimeyakuta ndani ya kiatu changu."

Jenerali akawa na la kuamua, na usidhani lilikuwa jepesi. Akikaa kimya na kufa, kikosi kitamzika kama shujaa aliyekwenda mbele za Mungu na tumbo tupu. Mazishi yatajaa watu. Katibu atazimia. Lakini yeye mwenyewe hatakuwepo kuyaona, na hapo ndipo sifa zile zilipomwishia utamu.

"Nimekula," alisema.

"Mkate pia?" daktari aliuliza.

"Nusu." Akameza mate. "Nusu ya kwanza, na ile nusu ya pili."

"Umejiokoa, mzee wangu. Tunakupeleka mwisho wa foleni, jioni. Mpaka hapo, usitie kitu mdomoni." Daktari akaenda zake.

Katibu alijikaza. "Wapendwa, hii ni vita. Aliyemlisha ni adui."

"Basi adui ni mimi," alisema mkewe Jenerali, "maana mkate niliununua mimi."

Katibu aliwaashiria wenzake mlango. Wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani. Huko ukumbini ilisikika sauti ya Katibu ikimuuliza mlinzi mgahawa uko upande gani.

Mchana ukasogea kwa kujikokota. Tumbo la Jenerali, lisilozoea kunyimwa, lilinguruma mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Aliomba maji ya kulowanisha midomo tu; muuguzi akatikisa kichwa.

Mkewe hakuwa mwanakikosi, hakupenda makelele yao. Lakini tangu jana mchana chakula kilikuwa hakimpiti kooni kwa hofu ya ugonjwa wa mumewe, wala hakumtangazia mtu. Sasa alifungua mkoba, akatoa yale mayai mawili yaliyobaki, akaanza kulimenya moja taratibu.

"Mama watoto, unakula mbele yangu?"

"Nilikuwa nimebeba hofu tumboni. Umesema kweli, imetoka. Sasa kuna nafasi."

Jenerali alifumba macho. Alitaka kuanza ombi lake lililozoeleka, lile refu lenye kupanda na kushuka, lakini jukwaa halikuwepo na wa kuitika walikuwa mgahawani.

"Bwana," alisema, "nina njaa." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Na naogopa."

"Amina," alisema mkewe, yai likiwa mdomoni.