Ushuhuda wa Kufuli Tatu

Mume wangu André ni mlinzi. Huko Sandton analinda jengo la ofisi, na kwa miaka sita hakijapotea hata kijiko. Ulimi wake ndio hajawahi kuulinda.

Nasema hivi kwa sababu ya karavani yangu. Ni kile kijumba cha magurudumu mawili ambacho watu wa hapa huvuta nyuma ya gari wakienda likizo. Sisi hatuendi likizo. Niliondoa kitanda, nikaweka viti viwili na kioo, na kanisa letu likifanya mkutano mkubwa, Pretoria au Rustenburg, tunaivuta hadi huko nami nasuka akina mama tangu Ijumaa. Kabla ya hapo nilisuka miaka saba kwenye saluni ya mtu, nikiomba ruhusa hata ya kunywa maji. Karavani ikiibwa, narudi kwenye kiti kile. Sina njia nyingine.

Inakaa uani kwetu Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba. Tuko familia tano, jiko moja la pamoja, na geti la kufungwa kwa waya. Mwaka huu mtaa wa pili ziliibwa karavani mbili mchana kweupe. André, na hapa namsifu, alichukua hatua. Alinunua kufuli ya kufunika ndoano ya kuvutia, chuma cha kubana gurudumu la kulia, na mnyororo wa kuifunga kwenye nguzo. Rafiki yake Elisée alikuja kumsaidia kuvifunga. Hao wawili walitoka Uvira pamoja, wakavuka mipaka minne wakigawana blanketi moja, na siku ya harusi yetu Elisée ndiye aliyesimama kando ya André. Kanisani anapiga kinanda.

Jumapili iliyofuata André akasimama kutoa ushuhuda. Kwetu ushuhuda usio na maelezo huonekana wa baridi. Ukisema umepona, watu wanataka kujua ulilazwa kitanda cha ngapi.

“Bwana asifiwe!”

“Amina!”

“Munajua Mama Arlène iko na karavani. Wezi wa hapa, eish, hawana huruma. Lakini Mungu alinipa akili! Kufuli moja kwa ndoano, ya pili kwa gurudumu, ya tatu kwa munyororo. Na funguo? Nani atawaza kutafuta mu kopo ya unga ya fufu, pale jikoni?”

Kanisa lilicheka na kupiga makofi. Elisée akamsindikiza kwa kinanda. Mimi sikusema amina.

“Papa Arlène,” nikamwambia tulipofika nyumbani, “umeambia watu mia mbili funguo iko wapi.”

“Ni watu ya Mungu, Mama Arlène.”

Alinuna, nami nikaacha. Ningezihamisha funguo, angeniuliza ziko wapi, na Jumapili inayofuata angesimama tena. Basi Jumamosi, yeye akiwa kazini, nilichukua jeki ya gari letu, nikaing'oa tairi ya kushoto, ya upande wa ukuta. Mahali pake nikapanga matofali. Niliteremsha turubai hadi chini, nikaivingirisha tairi mpaka chumbani, nikaisukuma chini ya kitanda chetu. Funguo niliziacha kwenye kopo. André sikumwambia neno.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Kwaya iliimba kwa ngoma tu, kinanda hakikuwa na mtu.

Tuliporudi, Shufaa alikuwa anatungoja getini. Ni jirani yetu kutoka Kigoma, Mwislamu, Jumapili yuko nyumbani.

“Shoga, pole. Wamekuja vijana wawili na pikapu. Wamesema Baba Arlène kawatuma, na kweli funguo wanazo. Wamefungua kila kitu, wakavuta, karavani ikalala upande. Wakaweka jeki, wapi! Wakaanza kugombana. Nikasema nampigia simu mwenyewe, wakakimbia. Kulikuwa na mtu wa tatu, lakini huyo hakushuka garini.”

Karavani ilikuwa pale, imeinama, lakini ipo. Nilikaa chini uani na nguo zangu za kanisani, nikalia kwa furaha. Kisha nikampeleka André chumbani nikamwonyesha tairi chini ya kitanda. Alicheka mpaka akashika mlango.

“Mama Arlène! Jumapili ijayo nasimama!”

Alirudi uani akiwa tayari anayapanga maneno, akainama kuitoa ile jeki ya wezi.

Mpini wake ulikuwa umefungwa kipande cha kitenge, kijani chenye ndege wa manjano. Kitenge changu. Nilikifunga kwa mikono yangu mwaka jana, gari la Elisée lilipopata pancha karibu na robot, zile taa za barabarani, kule Observatory na mpini ukamkata kiganja. André alikuwepo, yeye ndiye aliyeshika tochi.

Aliitazama jeki ile kwa muda mrefu. Akaifuta vumbi kwa leso yake ya kanisani, akaiweka chini taratibu.

“Labda alimwazima mutu,” nikasema. Mwenyewe sikuamini. Nilisema kwa sababu ya uso wake.



Jumapili iliyofuata Elisée alikuwa amerudi kwenye kinanda. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, na watu wakageukia safu yetu huku wakitabasamu, kwa kuwa habari za karavani zilishafika. Kinanda kilipigwa polepole, kama kawaida, kumngoja msemaji.

Miaka kumi na miwili nimemwomba Mungu mume wangu ajifunze kunyamaza. André alikuwa anatazama mikono yake.

Nilimgusa kwa kiwiko. “Simama,” nikamnong'oneza. “Papa Arlène, simama useme. Sema kitu chochote.”

Hakusimama.