Usichomoe Kamera

Fideli aliingia ofisi ya parokia, ninakofanya kazi ya ukarani, na helmeti kichwani, pikipiki yake ikinguruma nje. Mwendesha bodaboda anayeacha injini ikiwaka bure, kwa bei ya petroli ya siku hizi, ujue akili haipo. Sikumlaumu. Mama yake, Eustakia, alikuwa anazikwa alasiri hiyo hapa Mugoma, na hapakuwa na picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefifia, unaona masikio tu.

“Ipo moja, dada Teddy,” alisema, akanibwagia mezani kamera ndogo iliyopasuka kioo. “Nilimpiga siku ya ubatizo wa mwanangu Iradukunda. Haina kadi, picha imo humo humo ndani. Chaja ilishapotea, na betri imebaki kidogo sana.”

Nilichomeka waya kwenye kompyuta. Yetu inatumia mfumo wa Linux, nimeizoea. Haidai CD wala fundi. Kifaa kikichomekwa, yenyewe inakiuliza wewe ni nani na kazi yako nini; kikijibu, inatafuta programu ya kuzungumza nacho, kisha folda inafunguka. Ila lazima kipewe nafasi ya kujibu, na kamera kuukuu hujibu polepole. Nilifungua kile kisanduku cheusi kwenye skrini kinachoandika kila kinachotokea. Kikaandika kwamba kuna kifaa kipya.

“Mbona kimya?” Fideli akauliza. Kabla sijafungua mdomo alikwishachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena.

Skrini ikaandika kuwa kifaa kimeondoka, halafu kwamba kuna kifaa kipya. Akachomoa tena.

“Fideli! Kila ukichomoa inaanza upya, na betri inakwisha!”

“Watu wanangoja, dada! Padre yuko njiani anatoka Keza!” Akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, akarudi, mkono tayari kwenye waya. Taa nyekundu ya betri kwenye kamera ikaanza kuwaka na kuzimika.

Nilikuwa na hasira, lakini hofu ilizidi. Nilitaka kumwambia haraka haraka haina baraka, nikajizuia, maana methali kwa mfiwa ni kama tusi. Nikaichomeka mwenyewe, kisha nikamshika mikono yote miwili, mimi mwanamke nisiye hata ndugu yake, nikaibana pale mezani.

“Tulia. Ukigusa tena, mama yako hatumwoni.”

Akatulia. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini: kifaa kipya, jina la kiwanda, aina yake, kamera. Halafu ikasimama. Nikasali Salamu Maria kimoyomoyo, nikaimaliza, nikaianza tena. Fideli alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyepandisha mlima na baiskeli yenye mkungu wa ndizi.

Folda ikafunguka. Nikanakili picha ile upesi, na muda si muda kamera ikazimika yenyewe.

Nilipoikuza picha, Eustakia alikuwa amesimama mbele ya kanisa, kilemba kimefungwa nusu, mdomo wazi. Kiganja kimoja alikuwa amekinyoosha kutuelekea.

Fideli aliinama karibu na skrini.

“Alikuwa ananiambia buhoro, buhoro, polepole,” alisema. “Nimsubiri kidogo tu, afunge kilemba. Mimi nikabonyeza.”

“Naweza kuukata mkono, tubaki na uso.”

“Uache, dada. Hivyo ndivyo alivyoniambia tangu naanza kutembea.” Akaanza kulia, helmeti ingali kichwani, na mimi machozi yakanitoka.

Nikachapisha. Karatasi ilitoka na wino mbichi, nikamwambia asiishike mpaka ikauke. Kengele ya misa ikaanza kulia. Nikamtazama nikijua ataidaka tu na kukimbia nayo.

Fideli alitoka nje, akazima pikipiki. Akarudi, akavua helmeti, akakaa kwenye benchi mbele ya picha ya mama yake, akasubiri.